Alama Tano za Mama Mukabutera

Black Rock, Buffalo
Tarehe 8 Juni 2025

Mpwa wangu mpendwa Byamungu, mwongozaji mstaafu wa korali ya taifa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Habari za Louisville? Mkeo Emérence hajambo? Gentille na wadogo zake wanaendeleaje na shule? Na lile goti lako ulilotegua kule ghalani, limepona, au bado unalitumia kuombea likizo?

Sisi huku ni wazima. Meno yangu yaliyobaki yapo. Presha inapanda na kushuka kama mtu aliyesahau kituo chake cha basi. Chimène, binti yangu, bado anafanya kazi ya kutunza wazee wa watu, na akirudi jioni anakuta wazee wengine wawili nyumbani, mimi na mama yako, ambao hawamlipi kitu. Mwanawe Shami ameota ndevu chache na anazichana kila asubuhi. Ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza, hata umkanyage mguu.

Utashangaa kupata barua. Nimekupigia simu tangu Pasaka, hupokei. Nimekutumia ujumbe wa sauti, hata ule niliokohoa makusudi udhani nakata roho. Kimya. Bon, nimenunua stempu. Simu unaizima kwa kidole, lakini barua lazima uinue mkono, hata kama ni kwa kuitupa.

Neno langu ni mama yako. Tangu Columbus mwaka jana hujampigia, na yeye ameapa kwamba mwaka huu hatatia mguu kwenye Shindano la Nyimbo la Mataifa, hata kama linafanyika hapahapa Buffalo. Anaamini ni yeye aliyeiangusha Kongo. Nataka umpigie kabla ya Agosti. Nimelisema mapema kwa sababu nakujua, hufikagi ukurasa wa pili. Sasa niache nizunguke kidogo.

Juzi nilikwenda Grant Street kununua ndagala na majani ya sombe. Yule Mrundi mwenye duka, unamkumbuka, mwenye tumbo linalotangulia kuingia, aliponiona tu akapaza sauti mbele ya wateja wote:

"Muzee Gatera! Mwaka huu Kongo itashika namba ngapi kutoka chini?"

Nikamwambia apime samaki na aache siasa. Akacheka mpaka mzani ukatikisika. Nilitoka pale na samaki pungufu, na njia nzima nikawa nafikiria rekodi yetu. Mimi ndiye mtu pekee aliyesimama jukwaani mwaka baada ya mwaka, bass ya nyuma kabisa, karibu na mlango wa dharura. Hakuna anayeijua aibu yetu kama mimi. Donc acha nikukumbushe, maana naona wewe unakumbuka mwaka mmoja tu.

Mwaka wa kwanza ilikuwa hukohuko kwenu Louisville, ndani ya uwanja wa mpira wa kikapu wa shule. Mataifa matano: Kongo, Burundi, Rwanda, Kenya, Tanzania. Kila taifa linatoa jaji mmoja, naye haruhusiwi kulipatia taifa lake alama. Kila korali ina dakika nane. Tulipanda sisi wa kwanza. Mchungaji wetu akasalimia kanisa. Rais wa korali akasalimia. Makamu wa rais akasema na yeye hawezi kupita bila kusalimia. Mshauri wa korali akatambulisha wake za viongozi. Halafu tukaomba, maana mtu haimbi bila kuomba. Tulipofungua midomo kuimba ubeti wa kwanza, kengele ikalia. Dakika zilikuwa zimeanza kuhesabiwa maikrofoni ilipowashwa. Namba tano. Jaji wa Tanzania alisema kwa upole kwamba salamu zetu zilikuwa nzuri sana.

Mwaka uliofuata, Columbus, tukakata shauri: hakuna kusalimia. Tulipanda, tukaimba, tukashuka. Watu ukumbini wakaulizana nani amefiwa. Mabibi wa Kirwanda walikuja baadaye kutupa pole. Tulishika namba nne, na tulijivuna mpaka tulipoambiwa kwamba wa tano ni Warundi ambao gari lao liliharibikia njiani na hawakuimba.

Ikaja korona, shindano likasimama. Hiyo ndiyo miaka pekee ambayo Kongo haikushindwa.

Liliporudi, hapa Buffalo, ndipo ulipoanza kuongoza wewe. Nakubali, ulitunyoosha. Mazoezi ya kwenye simu, nusu ya korali Louisville na nusu Buffalo, sauti zetu zikichelewa kufika kwenu, na bado ulitufanya tuimbe kama watu wa nyumba moja. Lakini Eliezer alikuwa na gitaa lake. Wimbo ulikwisha, sisi tukanyamaza, Eliezer akaendelea. Ulimkazia macho. Akafumba ya kwake. Watu wakaanza kucheza, kengele ikalia, yeye akadhani ni ala mpya. Namba tano tena. Uliponiambia utamuua nilikuambia subiri tufike kwenye gari, kuna mashahidi.

Mwaka wa Louisville wa mara ya pili ulimchomolea waya. Alipiga gitaa lisilosikika kwa dakika nane, akitabasamu, hakujua mpaka tuliposhuka. Gentille akaimba ule ubeti wake wa peke yake, tukashika namba mbili! Wakenya walitupita kidogo tu. Wakenya nao, mpwa wangu, sina la kuwaongezea. Wanapanda wakiwa wamepiga pasi hadi soksi, wanasoma nota kwenye vile vibao vyao vya kioo, wanamaliza dakika moja ikiwa imebaki, wanakaa chini kimya kana kwamba wanasubiri kuitwa kwenye usaili wa kazi. Na wanashinda.

Sasa nifike Columbus ya mwaka jana. Najua hapa ndipo unapotaka kuikunja barua. Usiikunje.

Ilikuwa joto. Taa za ukumbi ule zilikupiga usoni na wewe ulikuwa ndani ya lile koti la suti ambalo uliikataza korali nzima isilivue. Ulianza kuvuja kama bomba lililopasuka. Sisi tulikutazama usoni, wewe ulikuwa umewapa watu mgongo, kwa hiyo wao hawakuona. Mimi niliona. Jasho lilikuwa linaingia machoni, ulikuwa unapepesa na kukunja uso, na soprano walidhani unawakasirikia wakaanza kuukimbiza wimbo. Mkono wako wa kushoto ulikuwa unaelekeza alto kwenye ukuta.

Mama yako alikuwa amekaa kiti cha mbele, pembeni, anakuona shavu. Akasimama. Akapanda zile ngazi na miguu yake ile, akafungua kitenge cha mabegani, akakupangusa uso wote, shingo, na nyuma ya masikio, kama anavyokupangusa tangu ulipokuwa ukiimba na watoto wenzako kule kambini Nyarugusu. Akapiga vigelegele, akazunguka mara moja akicheza, akashuka. Na wewe ukafungua macho, ukatuona, na ule wimbo ukanyooka. Sijawahi kusikia Kongo ikiimba vile. Hata mimi niliimba sauti niliyopangiwa.

Kwetu huo ni utaratibu tu. Mtu akiimba mpaka akatoa jasho, anayempenda anapanda kumfuta. Angekaa kwenye kiti akutazame unavuja, wanawake wote wa Uvira wangeuliza kama kweli alikuzaa.

Basi majaji wakasoma alama mmoja mmoja. Burundi ikatupa nyingi. Rwanda ikatupa nyingi. Kenya yenyewe! Tulikuwa juu, Byamungu. Rais wa korali alikuwa tayari ameanza kulia. Ndipo Festus, yule Mkenya mhasibu wa Columbus ambaye ni mwenyekiti wa kamati, aliposimama na kusema kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la msiba: korali ni watu thelathini, na jukwaani walionekana thelathini na moja. Alama tano zikatolewa. Tukaanguka kutoka wa kwanza hadi wa nne, kwa sababu wote wanne tulikuwa tumebanana hapo juu kama watu kwenye mlango wa kanisa. Watanzania wakachukua kombe, na kwa adabu yao wakatuomba radhi.

Yaliyofuata kwenye maegesho ya magari unayajua, ulikuwepo. Ulimwambia mbele ya watu:

"Mama, umetuharibia. Baki mbali na korali yangu."

Akakuuliza, "Ni mutoto wangu njo nilipangusa. Banahesabu nini?"

Uliingia kwenye gari ukaondoka na kutuachia masufuria yenu ya chakula. Tumekula kuku wa Emérence njia nzima mpaka Buffalo. Alikuwa mtamu, mwambie, lakini mama yako hakugusa hata bawa.

Sikuandikii ili kukuhukumu. Ulikuwa umeivuta ile korali kwa kamba toka chini, ukaona kombe, likaondoka. Mtu yeyote angesema neno baya. Shida ni kwamba ulilisema ukakaa nalo, ukaacha na korali, na yeye amekaa nalo huku.

Nikuambie tu mambo yalivyo. Kile kitenge cha korali, cha bluu chenye ndege, amempa Chimène ashone mapazia. Chimène amekificha kabatini na kumwambia kimepelekwa kwa fundi. Jumapili kanisani anakaa nyuma kabisa, upande wa wanaochelewa. Korali ikianza kuimba anatoka nje, anasema anataka hewa, hata Januari, wakati hewa ya Buffalo inaweza kumkata mtu sikio. Watu wakimuuliza habari zako anawaambia uko kazini, zamu zimekuwa nyingi. Mwaka mzima uko zamu. Nadhani kule kanisani wanaamini ghala lote la Louisville unalibeba peke yako.

Na kuna mtu mmoja nyumbani kwako ambaye humpigia koko yake, mama yako, kila wiki akiwa bafuni, maji yakiwa yamefunguliwa ili usisikie. Usimgombeze Gentille. Mbinu ya maji nimemfundisha mimi. Kama bili ya maji imepanda, kasirika na mimi.

Mwezi uliopita Festus alikuja Buffalo kukagua ukumbi. Nilikwenda kumwona. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi mkubwa, nimevaa hadi tai. Mimi shule niliishia darasa la tatu, lakini kwa ugomvi nina shahada. Nilimwambia sheria yao inahesabu mama mzazi kama mhuni aliyevamia jukwaa. Nilimwambia kwao mtu anatoa jasho mpaka anakauka na hakuna anayejali. Nilikuwa sijafika hata katikati aliponishika bega.

"Mzee, mbona msimwandikishe tu?"

"Tumwandikishe nini?"

"Awe mwimbaji. Akiwa kati ya wale thelathini anaweza kutembea jukwaani anavyotaka. Sheria haisemi asimpanguse mtu. Mimi mwenyewe zile alama tano ziliniuma, shosho yangu, yaani bibi yangu, angefanya hivyohivyo. Lakini jina lake halikuwepo, ningefanyaje?"

Nilikasirika sana. Hotuba yangu yote niliyoitunga ikabaki mdomoni. Ikanibidi ninywe chai yake na kumshukuru.

Nikaita korali ya upande wa Buffalo. Wote wakakubali liingie jina la mama yako, Mukabutera, alto. Tatizo, thelathini wameshajaa. Kongo imewahi kukosa kila kitu kwenye shindano hili, watu haijawahi kukosa. Lazima mmoja atoke. Wakaanza kutazama sakafu. Mmoja ana mimba anataka picha, mwingine ameagiza suti kutoka Goma, mwingine alishawaambia watu wa kazini wamwone kwenye mtandao. Nikasema toeni Gatera. Walipinga, nakiri, walipinga kwa muda uleule ambao mtu hupinga kulipiwa soda. Halafu wakasema asante muzee, na mmoja akaongeza kwamba bass sasa itasikika vizuri.

Donc jina langu limetoka. Nitakaa kwenye viti na Warundi. Usinionee huruma, najua sauti yangu ilivyo, Chimène akiisikia hudhani ni jiko linanguruma, huenda kulizima. Lakini nilipenda kusimama pale. Basi, imepita.

Nikaenda kumwambia mama yako. Alikuwa anatwanga sombe. Nilidhani atapiga vigelegele. Hakuacha hata kutwanga.

"Nani ameniita?"

"Korali imekuita, yaya, dada yangu."

"Korali iko na mwenyewe. Mwenyewe alisema nibaki mbali. Akiniita, nitakuja. Wewe Gatera hauna korali."

Nikambembeleza, nikamtania, nikamwambia atavaa kile kitenge cha bluu. Akasema kimekuwa mapazia. Na ndipo nilipokwenda kununua stempu, mpwa wangu.

Kwa hiyo umeelewa jambo lilipofika. Kamati imekubali. Korali imekubali. Mkenya amekubali. Nafasi ipo, nimeilipia kwa miguu yangu mwenyewe. Eliezer anasema atakuwa anawafundisha mpaka wewe urudi, na usiporudi ataongoza huku akipiga gitaa, na hilo linanitia hofu kuliko kushindwa. Lakini sikuandikii kwa ajili ya kombe. Tukipata namba tano tena mimi nitasimulia vizuri tu, nina uzoefu. Nataka dada yangu asitoke nje ya kanisa watu wanapoimba.

Ukimpigia, usipige adhuhuri, anaangalia vipindi vyake. Piga asubuhi, Chimène akiwa amekwenda kazini. Usianze na msamaha mrefu, atadhani umefukuzwa kazi au umeua mtu. Usimweleze sheria za jukwaa, hazimhusu. Msalimie kama kawaida, muulize miguu, msikilize miguu yote miwili mpaka iishe. Halafu mwambie kama mwongozaji anavyomwambia mwimbaji wake: mazoezi ni Jumamosi kwenye simu, asichelewe.

Kisha ukae kimya umsubiri ajibu.

Nisalimie Emérence sana, mwambie masufuria yake yapo, yameoshwa, aje ayachukue Agosti. Nisalimie Gentille na wadogo zake, na watu wote wa kanisani kwenu wanaonikumbuka kwa wema, hata wakiwa wawili. Chimène na Shami wanakusalimu. Mama yako hajui kama ninaandika.

Mungu akulinde barabarani na ghalani, akuwekee mkono kwenye hilo goti, na ukishika simu ailainishe sauti yako kabla haijatoka.

Ni mimi mjomba wako, nikupendaye upokee simu usipokee,

Gatera